Chumba cha habari cha wanafunzi kianzie mlangoni: naomba mawazo yenu kabla fundi hajaanza kazi

#1 Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha uandishi wa habari katika chuo kimoja hapa Morogoro, huu ni mwaka wa kumi na moja. Kabla ya hapo nilikaa miaka sita kwenye dawati la habari za mikoani la gazeti la kila siku. Chuo kimetupa ghala la zamani la viti, mita tisa kwa sita, ligeuzwe kuwa chumba cha habari cha wanafunzi. Fedha zipo kiasi. Juzi tuliitwa kikaoni tukaonyeshwa mchoro: skrini sita ukutani, meza ya mtangazaji ya kioo, taa za bluu chini ya meza, pazia la kijani nyuma yake. Juu ya mchoro pameandikwa "Chumba cha Habari cha Kesho". Wenzangu walipiga makofi, na nawaelewa, maana tumefundisha kwa ubao na chaki muda mrefu.

Niliuliza swali moja tu: mwanafunzi akirudi na habari yake saa tisa alasiri, anamkabidhi nani? Kwenye ule mchoro hapakuwa na kiti cha mhariri. Palikuwa na viti vya watangazaji, viti vya wageni, hata sofa. Nikaambiwa niandike mapendekezo na niyawasilishe ndani ya wiki mbili, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Nianze na kilichonifanya niulize. Chuo nilichosoma mimi kilikuwa na studio nzuri, yenye zulia, kamera mbili na funguo moja. Funguo alikaa nao mtu mmoja, akisafiri studio inafungwa. Kwa miaka miwili niliingia mle ndani mara tatu, na zote tulikuwa tumeitwa kupiga picha na wageni. Nikaajiriwa nikiwa sijawahi kuandika habari iliyosomwa na mtu asiyenipa maksi.

Wiki ya kwanza kazini nilipeleka habari ya ajali ya basi. Aya nne. Mhariri wa zamu, mama mmoja mtaratibu sana, aliisoma kalamu ikiwa mkononi. Akauliza: basi lilikuwa linatoka wapi kwenda wapi? Nikajibu. Nani kakwambia? Nikasema polisi. Polisi yupi, ana cheo gani, umeongea naye au umesikia akiongea na mwingine? Nikanyamaza. Wamefariki wanne, wapo hospitali gani, nani amehesabu? Akanirudishia karatasi bila kupandisha sauti. Nilirudi eneo la ajali, nikaenda na chumba cha maiti. Waliofariki walikuwa watatu. Yule wa nne alikuwa amelazwa, mkewe amekaa kwenye benchi la nje na mfuko wa nguo zake mapajani. Kama ile habari ingetoka nilivyoiandika, yule mama angesoma gazetini kwamba ni mjane wakati mumewe yupo wodini anapumua.

Kwangu mimi chumba cha habari ni yale maswali. Ni mahali ambapo habari hupita mikononi mwa mtu mwingine kabla haijamfikia msomaji. Tukijenga chumba ambacho hicho hakitokei, hata tukikiita cha kesho, tutakuwa tumejenga ukumbi wa picha.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Ghala letu lipo chini, na ukuta wake mmoja unatazama njia ya watu waendao stendi. Nataka tuvunje ukuta ule tuweke mlango. Mwananchi aingie moja kwa moja bila kupita getini wala kusaini kwa mlinzi, alete habari au alalamike kwamba tumemwandika vibaya. Ukishaingia tu unakutana na meza ya uhariri, katikati kabisa. Zamu ya mhariri ibandikwe ukutani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na anayeshika zamu awe mtu mzima aliyewahi kufanya kazi hii, analipwa. Fedha za skrini tano kati ya zile sita ziende kumlipa huyo.

Kuweka meza katikati sikubuni mimi. Mwaka 2006 gazeti la Daily Telegraph la London lilipohamia ofisi mpya lilipanga chumba kama gurudumu: wahariri wakuu kwenye kitovu, madawati yametawanyika kama spoki za baiskeli, kila anayegeuza kiti anawaona wanaoamua. Sisi wa mita tisa kwa sita hatuhitaji gurudumu, meza moja ya mbao ya mita tatu inatosha.

Wazo la kumfundisha mwanafunzi ndani ya gazeti la kweli lina zaidi ya miaka mia. Chuo Kikuu cha Missouri, Marekani, kilifungua shule yake ya uandishi tarehe 14 Septemba 1908, na siku hiyohiyo wanafunzi wakatoa toleo la kwanza la gazeti. Mpaka leo gazeti hilo lipo, linaitwa Columbia Missourian, linaandika habari za mji na si za chuo peke yake. Hapa kwetu daktari mwanafunzi anafundishwa Muhimbili mgonjwa akiwa mbele yake na bingwa akiwa pembeni. Hakuna anayefikiri angefuzu kwa kutazama skrini ya wodi.

Karibuni. Nikosoeni waziwazi.

#2 Mtangazaji wa redio, Mwanza

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho. Nakubali nusu.

Napokea wanafunzi wa fildi kila mwaka kwenye kituo chetu. Wengine hawajawahi kugusa mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Anakaa mbele ya kipaza sauti anaongea akiwa mbali nacho nusu mita, au amekibusu kabisa mpaka kila "pa" inalipuka. Hawajui kukata sauti, hawajui kuhifadhi faili. Ukienda kikaoni ukasema vifaa si muhimu, watu wa fedha watakusikiliza vizuri sana, watakunyima vifaa na mhariri usimpate. Nimeona ikitokea.

Halafu umesahau sauti. Hilo ghala lina bati? Kama lina bati bila dari, msimu wa masika hapo Morogoro hamtarekodi kitu. Pigeni dari kwanza. Na tafadhali msibandike trei za mayai ukutani, hiyo ni imani tu. Trei hazizuii sauti ya nje hata kidogo, zinapunguza mwangwi kidogo sana, na zikishika moto hamtapata muda wa kukimbia. Pembe moja, mita mbili kwa mbili, ninginiza mablanketi mazito pande tatu, chini weka zulia, juu ubao wenye godoro. Mtapata sauti safi ya habari kwa gharama ndogo mno.

#3 Mleta mada

Kaka, asante. Umenigusa penye ukweli. Nilivyoandika inaonekana nabeza vifaa, na mwenyekiti wa kikao angenishika hapohapo. Narekebisha: ile pembe ya mablanketi naiingiza kwenye mchoro leo, na dari naiweka juu kabisa ya orodha. Bati ni tupu kweli.

Skrini moja ibaki, lakini ioneshe kazi: nani anafuatilia nini, ametoka saa ngapi, amefika wapi, nani ameshahariri. Mtu akiingia asubuhi aone hali ya siku kwa mara moja. Kwenye gazeti letu kazi hiyo ilifanywa na ubao mweupe na kalamu ya wino, na ulikuwa unapiganiwa.

#4 Mwanafunzi, mwaka wa pili

Shikamoo mwalimu. Mimi si mwanafunzi wako ila nasoma fani hiyohiyo chuo kingine.

Naomba kusema hali halisi. Darasani tuko wengi, wenye kompyuta mpakato hatuzidi robo. Kila kitu tunafanya kwenye simu: kurekodi, kuandika, kukata video, kutuma. Simu yenyewe imejaa, ukitaka kurekodi lazima ufute picha za nyumbani. Bando tunajinunulia. Chumba kikiwa na kompyuta kumi, zitakaliwa na walewale wanaojua kuzitumia na sisi wengine tutasimama nyuma tukiangalia.

Swali langu lingine. Kuna wanaosema tunasoma kazi itakayokufa, kwamba akili mnemba (AI) itaandika kila kitu. Je, chumba hicho kitatufundisha kuitumia au kitatukataza?

#5 Mleta mada

Marahaba mwanangu. Umeandika kitu ambacho kikao kizima hatukukisema.

Basi tupange chumba kwa kuanzia na simu. Meza ya uhariri iwe na soketi za kuchajia kila nusu mita, na chini yake betri kubwa ya kushikilia umeme ukikatika, angalau masaa manne. Vipaza sauti vya kubana shatini visivyo ghali, ishirini, vya kuazima kwa kusaini. Wi-Fi ya chumba iwe ya chumba, nywila isibaki kwa fundi mmoja. Na diski kubwa ambayo mwanafunzi akirudi anamwaga faili zake zote, simu inabaki tupu, anatoka tena. Faili lipewe jina kwa mtindo mmoja: mwaka, mwezi, siku, mahali, jina la mwandishi. Nakala ya pili ikae nje ya jengo. Kumbukumbu ya miaka mitano ya mji mmoja ni mali kubwa kuliko kamera yoyote, kwa sababu kamera inachakaa.

Jambo dogo la simu ambalo naomba ulibebe: picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inabanwa, na zile taarifa zake za ndani, yaani ilipigwa lini na kwa simu gani, zinaondoka. Mwambie aliyekutumia aitume kama hati. Ukipokea picha ya mafuriko usiku, tofauti hiyo inaweza kukuonesha kama ni mafuriko ya leo au ya miaka minne iliyopita.

Kuhusu akili mnemba, sitakataza. Shirika la habari la AP la Marekani lilianza mwaka 2014 kutumia programu kuandika taarifa fupi za mapato ya makampuni, na waandishi wakaachiwa nafasi ya kufanya kazi nyingine. Lakini nikupe kisa cha muhula uliopita. Wanafunzi wangu walipata tangazo la Kiingereza la upimaji wa bure wa shinikizo la damu na sukari. Mmoja akaliingiza kwenye programu ya tafsiri, ikatoka Kiswahili kizuri mno, sentensi zimenyooka. Tukaliweka kwenye ukurasa wetu. Tangazo la Kiingereza lilisema shughuli inaanza 8 asubuhi. Programu ikaandika "saa 8". Sisi waswahili saa nane ni mchana. Wazee walikuja saa nane mchana, wengine wametoka milimani kwenye mashamba, wakakuta wauguzi wanakunja meza. Bibi mmoja alikuwa na kile kipande cha tangazo kwenye simu ya mjukuu wake, akanionesha kwa kidole: "Si mmeandika saa nane?" Nikasema ndiyo bibi, tumeandika. Aliyepoteza siku ni yeye, sisi tulipoteza sentensi moja.

Tangu siku ile tuna sheria ukutani: saa, tarehe, namba, majina na vyeo vinakaguliwa na binadamu wawili, hata kama mashine imeandika vizuri kiasi gani. Mashine inageuza sauti kuwa maandishi kwa haraka, naitumia. Ila majina ya vijiji inayaharibu, na mwanafunzi anayepajua mahali ndiye anayeyaokoa. Kazi yenu haifi kwa upande huo, mwanangu. Jifunze kuuliza na kukagua.

#6 Mwanahabari, Eldoret

Hujambo mwalimu na wenzangu. Mjadala huu umenigusa kwa sababu nilikuwa mhariri wa gazeti la wanafunzi nikiwa chuoni, nchini Kenya.

Mnazungumzia meza na mlango, lakini sijaona mtu akiuliza: ni nani mwenye chumba? Sisi tuliandika stori kuhusu vyoo vya hosteli. Tulikuwa na picha, tulihoji wanafunzi kumi na wawili, tukampigia afisa husika mara tatu. Usiku wa kuchapisha tukaagizwa stori hiyo isomwe kwanza na ofisi ya mawasiliano. Ilisomwa kwa wiki tano. Iliporudi ilikuwa inasifu ukarabati unaotarajiwa. Nusu ya kikundi chetu iliacha uandishi pale, na walikuwa wazuri kunishinda.

Kenya tuna Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2010 kinacholinda uhuru wa vyombo vya habari, lakini mwanafunzi anayesubiri matokeo ya mtihani haendi kortini na chuo chake. Kwa hivyo kabla ya kununua meza, mwalimu, andikeni mkataba wa kurasa mbili. Nani ana neno la mwisho kuhusu kinachochapishwa? Nani anaweza kumwondoa mhariri, na kwa sababu gani? Uwekwe sahihi na mkuu wa chuo, ubandikwe mlangoni ambapo kila mtu ataona.

#7 Mtanzania aliyeko Marekani

Namuunga mkono ndugu wa Eldoret. Niko huku nasoma shahada ya pili, nimewafuatilia sana magazeti ya wanafunzi. Stanford Daily lilijitenga kisheria na chuo chake mwaka 1973. Miaka hamsini baadaye, baada ya habari za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, Theo Baker, kuhusu kasoro katika tafiti za rais wa Stanford (yaani mkuu wa chuo), Marc Tessier-Lavigne, chuo kiliunda uchunguzi na Julai 2023 rais akatangaza kujiuzulu. Gazeti lililo chini ya ofisi ya rais huyohuyo lingetoboa?

Cha kuongezea ni kwamba huku wanafunzi wameanza kushika magazeti ya miji ambayo yangekufa. Kule Georgia kuna gazeti la wiki la wilaya linaitwa Oglethorpe Echo, lilianza 1874. Mwenye gazeti alipotaka kustaafu mwaka 2021, lilikabidhiwa shirika lisilo la faida na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Georgia ndio wanaoandika. Wanakaa kwenye vikao vya halmashauri, wanaandika mechi za shule, misiba, bei ya mashamba. Na Iowa, mwaka 2024, kampuni ya gazeti la wanafunzi la Daily Iowan ilinunua magazeti mawili ya wiki ya miji ya jirani. Huko ndiko kulikonifanya niamini mlango wako wa barabarani, mwalimu. Wenye mji wanawajua wale vijana kwa majina.

#8 Mwanasheria mwenye mapenzi na habari

Niwakumbushe mambo ya hapa nyumbani, kwa sababu mchoro mzuri unaweza kufungwa na barua moja.

Kwanza, kuchapisha mtandaoni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai leseni, na ada zake wakati ule zilikuwa shilingi laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja kila mwaka. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo mwalimu aende TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, aulize daraja na ada za sasa kwa chuo, kabla ya kufungua ukurasa mkubwa. Pili, ile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ina masharti ya ithibati ya waandishi wa habari, nayo isomwe na wanafunzi wenyewe, darasani, kifungu kwa kifungu.

Tatu, na hili wengi hawalioni, huo mlango. Mwananchi akiingia akaacha jina, namba ya simu na malalamiko yake kuhusu daktari au mwalimu, mnashika taarifa zake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Daftari la mlangoni lifungiwe kwenye kabati lenye kufuli kila jioni. Lisikae mezani likipigwa picha na kila anayepita.

Nne, silaha ambayo vyuo havifundishi: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mtu anaandika ombi kwa taasisi ya umma, taasisi ina siku thelathini kujibu. Wekeni ukutani jedwali la maombi: tarehe tuliyoandika, ofisi, siku ya thelathini inaangukia lini, jibu. Wanafunzi ishirini wakiandika ombi moja kila muhula, baada ya mwaka mtakuwa na kabati la nyaraka za halmashauri ambalo gazeti kubwa la Dar halina.

#9 Mwanahabari, Eldoret

Kweli kabisa wakili. Kwetu ni Sheria ya 2016 pia, ofisi inapewa siku 21. Nimeitumia mara nyingi. Wengi hawajibu ombi la kwanza. Ukiandika la pili ukitaja tarehe ya la kwanza, simu inalia.

#10 Dada wa dawati la habari, Dar es Salaam

Naomba nami nisikike, maana mmetaja kila kitu isipokuwa nauli.

Mimi niliingia kazini nikiwa na shauku kama ya huyu mdogo wetu wa #4. Mwezi wa kwanza nikagundua chombo changu hakina gari wala nauli. Anayekuita kwenye warsha anakutumia gari, anakulisha mchana, jioni unasaini karatasi unapewa bahasha. Ukitaka kwenda Mbagala kuandika habari ya kisima kilichokauka, unajilipia. Sasa mwisho wa mwezi angalia nimeandika nini: warsha, warsha, semina, uzinduzi, warsha. Hakuna aliyenilazimisha kuchukua mshiko. Njia zote zilikuwa zimejengwa kuelekea huko.

Mwalimu, hiyo ndiyo sehemu ya jengo ambayo fundi haioni. Weka fungu la nauli, hata elfu tano tano kwenye sanduku linaloshikwa na mhariri wa zamu, mwanafunzi anasaini, anaenda, anarudi na habari na anasema alitumia ngapi. Ajifunze tangu siku ya kwanza kwamba nauli ya kwenda kwa msemaji inatoka kwa msomaji wake, yaani chumba chake, na haitoki kwa anayeandikwa. Kijana aliyezoea hilo miaka mitatu, siku akipewa bahasha mkono wake utasita. Wangu haukusita, kwa sababu sikuwahi kuona njia nyingine, na nimelia kwa hilo.

Na taa. Hiyo njia ya stendi ina taa usiku? Wasichana wakitoka zamu saa kumi na mbili na nusu wanapita wapi? Weka zamu ya jioni iishe mapema au wasindikizwe. Msipange kana kwamba wote watakaokaa pale ni wanaume.

#11 Mleta mada

Dada yangu, nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimeisoma kwa sauti mke wangu asikie. Sina cha kuongeza. Fungu la nauli limeingia, nimeliweka juu ya skrini. Taa mbili za nje zimeingia pia, na zamu ya jioni itaishia saa kumi na moja na nusu.

Wakili, jedwali la maombi ya taarifa naliweka ukuta wa kushoto, ule uliokuwa wa skrini. Tutaanza na ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kila Aprili inapowekwa bungeni, magazeti makubwa yanachukua mabilioni ya mashirika, lakini kurasa za halmashauri moja moja hubaki bila mwenyewe. Wanafunzi wangu watasoma za kwetu, wataenda kwenye hiyo zahanati iliyotajwa, watasimama pale waone kama paa lipo. Kisha wachukue takwimu za Sensa ya 2022 waone kata ile ina watu wangapi wanaotegemea paa hilo. Nina hamu na siku hiyo kuliko siku ya uzinduzi.

Ndugu wa Eldoret, mkataba nimeuandika. Umekuwa ukurasa mmoja na nusu. Nimependekeza neno la mwisho liwe la mhariri mwanafunzi akishirikiana na mhariri wa zamu, na chuo kiwe na haki ya kujibu na kuchapishiwa majibu yake sawa na mtu yeyote aliyeandikwa. Nina wasiwasi na kipengele hicho kuliko gharama zote. Hata hivyo nitakisoma mbele ya kikao kwa sauti yangu mwenyewe.

#12 Mtangazaji wa redio, Mwanza

Sasa nakubali yote, si nusu. Nina stendi nne za kipaza sauti na mikisa ya zamani ya njia sita inayofanya kazi, njia moja tu ndiyo mbovu. Tuwasiliane nikutumie kwa basi. Wanafunzi wako wakija fildi Mwanza, waje na ile diski ya kumbukumbu waniambie wameipanga vipi, nami nataka kujifunza.

#13 Mleta mada

Kaka, Mungu akubariki. Mikisa yenye njia mbovu ni mwalimu mzuri, watajifunza kutafuta tatizo.

Taarifa fupi kwa wote: kikao kilikaa jana. Dari imepita. Mlango umepita, kwa sharti kwamba uwe wa chuma na kitasa kiwe ndani. Mhariri wa zamu amepita kwa muhula mmoja wa majaribio. Nauli imepita nusu ya nilichoomba. Mkataba umerudishwa kwa ofisi ya sheria ya chuo, nimeomba nipewe tarehe ya majibu kwa maandishi na nimepewa. Skrini zimebaki mbili. Meza nimekwenda kuitazama kwa seremala leo asubuhi, mninga, mita tatu na sentimita kumi, ameikata kwa makosa sentimita kumi zaidi na nimemwambia aiache hivyohivyo.

#14 Mwanafunzi, mwaka wa pili

Mwalimu hongera. Swali la mwisho. Nikiwa zamu peke yangu pale mlangoni, mhariri ametoka kidogo kwenda kula, akaingia mtu amekasirika, ana habari nzito, nifanye nini? Hilo hatufundishwi.

#15 Mleta mada

Simama, mwanangu, msalimie kwa umri wake, mpe kiti. Maji kama yapo. Mwache aongee mpaka amalize bila kumkatisha na bila kumwelekezea simu usoni. Kisha fungua daftari mbele yake, mwambie unaandika nini na kwa nini. Muulize jina, na kama hataki kulitaja andika kwamba hakutaka. Andika tarehe na saa. Muulize alichokiona kwa macho yake, halafu alichoambiwa na wengine, uvitenganishe kwenye kurasa mbili. Muulize nani mwingine alikuwepo, na kama kuna karatasi yoyote. Usimwahidi kwamba itatoka. Mwambie ukweli kwamba utampigia na yule anayemlalamikia, asije akashangaa baadaye.

Ukimaliza, msomee ulichoandika chote, taratibu. Akisema "hapana, si hivyo nilivyosema", kata kwa mstari mmoja, andika upya, msomee tena. Ndipo umsindikize mpaka nje ya mlango.